Jina Lako Kwenye Kadi

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua salamu hii imechelewa miaka kumi na tatu, lakini ipokee hivyo hivyo. Natumaini barua inakukuta mzima, wewe na wifi, na watoto ambao mimi shangazi yao nimewaona kwenye picha tu. Anwani yako nimepewa na shangazi yetu, tena baada ya kuniapisha kwamba sitamwonyesha Baba. Huku uzima upo, wa kujikongoja. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake haujazeeka; juzi kamwambia fundi bomba kwamba hata kuku huchimba mtaro ulionyooka kuliko wake. Mimi nina binti mmoja, mtundu, na mume mvumilivu. Baba yupo. Nitamfikia.

Nakuomba usiichane barua hii kabla hujafika mwisho. Ukishafika, chana.

Wiki tatu zilizopita simu ya karakana ya Baba iliita, nikapokea. Alikuwa Mzee Posta. Najua jina hilo limekuchoma. Ni yule yule mstaafu wa posta ambaye mkewe alikuwa mgonjwa wa moyo, yule aliyesimama mlangoni petu akakulaani wapita njia wakisikiliza. Alieleza kwamba kiyoyozi cha chumbani kwake kinaota barafu na hakipozi. Mafundi watatu wa mtaani wamekuja, kila mmoja kaongeza gesi, kila mmoja kaondoka kifua mbele, na joto limebaki pale pale. Nilitafuta wa kumtuma, wote walikuwa kazini. Baba, aliyekuwa kajiegemeza kwenye kiti chake karibu na feni, akasema niende mwenyewe, mteja ni mteja.

Chumba ni kile kile. Kitanda sasa ni chembamba, cha mtu mmoja. Kabati la nguo za marehemu bado limesimama chini ya mashine, na juu yake masanduku yamerundikwa hadi karibu na dari, kiasi kwamba hewa haina pa kupita kurudi kwenye mashine. Nilipofungua kifuniko, chujio lilikuwa limefumwa vumbi kama blanketi, na mapezi ya feni ya ndani yamejaa uchafu kama kitana cha mtu asiyeoga. Nyuma yake, barafu tupu.

Nikatoka uani kwenye mashine ya nje, nikafunga geji. Presha ilikuwa chini. Hapo ndipo mafundi wengi huishia. Wakiona presha chini wanakimbilia mtungi, kana kwamba gesi huliwa kama mafuta ya gari. Mimi nikashika bomba la kurudishia gesi. Lilikuwa baridi, linatoka jasho mpaka kwenye kompresa. Wewe ndiye uliyenifundisha: presha ikiwa chini na bomba likiwa vuguvugu, gesi imevuja, tafuta tundu; presha ikiwa chini na bomba likiwa baridi hivyo, gesi ipo, kinachokosekana ni hewa. Ulikuwa ukiniita Bisibisi na kuniimbia hivyo kila siku, nami nikikuona unajidai.

Nilizima mashine, nikaacha barafu iyeyuke, nikaosha feni na chujio. Nilipowasha tena, presha ikapanda kupita kiasi, maana sasa gesi yote waliyoisukumia ilikuwa imepata kazi. Nikaipunguza kwenye mtungi mtupu, kidogo kidogo, hadi ikakaa sawa. Kisha nikamwomba mzee ruhusa ya kushusha masanduku na kulisogeza kabati.

Aliyatazama masanduku. Halafu akasema, "Hata kaka yako alitaka lihame. Nikadhani anatafuta kisingizio." Akapitisha kiganja kwenye mlango wa kabati. "Maneno ya ufundi alikuwa nayo yule kijana. Ila mkono wake ndio ulioniulia mke."

Kaka, nililisogeza kabati lile. Nilimaliza kazi, nikajaza kadi ya matengenezo, nikaondoka. Njiani nikasimamisha gari pembeni kwa sababu sikuwa naiona barabara.

Sasa nakuambia.

Siku ile, ulikuwa umeshakwenda kwa Mzee Posta asubuhi. Ulizima mashine, ukawaambia waiache hadi barafu iishe, utarudi jioni kuifungua feni. Ukaenda kwenye kazi nyingine. Adhuhuri mkewe akapiga simu karakana, joto limemzidi, mumewe kaenda kufuata dawa. Mimi ndiye niliyepokea. Nilikuwa bado sijaruhusiwa kugusa gesi peke yangu, na nilikuwa nimechoka kusikia kila mteja akikuulizia wewe. Nikasema leo watajua na mimi nipo. Nikachukua mtungi wa akiba, nikaenda.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikawasha, nikaona presha iko chini, nikasukuma gesi. Bomba sikulishika. Yule mama alikuwa amelala upande, shuka limemgandia mgongoni. Hewa ikaja ya baridi kwa muda, akageuza uso kuifuata, macho kafumba, akaniambia, "Ahsante mwanangu, leo nitapumzika." Nikatoka nikiwa nimevimba kichwa. Kwenye kadi iliyobandikwa ukutani nikaandika gesi imeongezwa, nikaweka jina lako, kwa kuwa langu lisingekubalika.

Uliporudi jioni, mzee alikuzuia mlangoni, akakuambia hewa ni nzuri, usimsumbue mgonjwa. Siku ya nne kompresa ikafa kwa kuzidiwa na gesi, joto likiwa kali kuliko siku zote za mwaka ule. Mama yule alipelekwa hospitali saa tisa alasiri na hakurudi. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi. Huenda. Mimi ninachojua ni nilichofanya.

Baba alipoitupa mezani ile kadi aliyoileta mzee, ulisema hukuongeza gesi. Ukasema mara mbili. Halafu ukanitazama. Ulinitazama kwa muda mrefu, kaka, na mimi nikainama nikawa natafuta bisibisi ambayo haikuwa imepotea. Uliondoka na begi moja. Mama hakula siku mbili.

Baada ya kutoka kwa mzee nilikwenda moja kwa moja kwa Baba nikamweleza yote. Nilitegemea atanipiga, au atalia. Alikuwa anafuta miwani yake. Akaniambia alijua tangu siku ile ile. Mtungi uliopungua ulikuwa wa karakana, wako ulikuwa umejaa. Tena herufi zangu angezijua hata gizani, maana ni yeye aliyenishika mkono kuniandikisha. Nikamuuliza kwa nini basi alikufukuza. Akajibu bila kuinua macho kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Ulikuwa umeanza kumsahihisha mbele ya wateja, nao walikuwa wameanza kukusikiliza. Mimi nilikuwa mtiifu. "Nawe ulinyamaza vizuri," akaniambia. "Nikajua utafaa."

Ndivyo nilivyorithi karakana. Nilidhani nimeificha siri yangu miaka yote hii, kumbe nilikuwa nalipwa mshahara wake. Nimemwachia funguo mezani. Mama anasema niwe na subira, ni mzazi. Nina kila kitu kaka, subira ndiyo sina. Nimekodi chumba cha duka karibu na nyumbani, nafungua kazi yangu mwenyewe mwezi ujao, na sijui kama naustahili ufundi huu.

Keshoye nilirudi kwa Mzee Posta. Nilisimama mlangoni nikamwambia ni mimi. Hakunipigia kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mkewe alisema lolote siku ile. Nikamwambia maneno yake. Akayarudia taratibu, kisha akaniambia nisikanyage tena kwake hadi afe, na akafunga mlango. Nilikuwa nimefika barabarani aliponiita. Alikuja akiburuta miguu, imemvimba siku hizi, akanipa kipande cha karatasi chenye namba yake ya simu. Akasema amemlaani mtu asiye na kosa kwa miaka kumi na tatu, na anaogopa kufa kabla hajaiondoa laana hiyo kwa kinywa chake. Karatasi yenyewe nimeikunja humu.

Sikuombi msamaha. Nikiomba, nitakuwa nakuongezea mzigo mwingine wa kubeba kwa ajili yangu. Mpigie mzee. Mimi hata usiponijibu nitaelewa, ila yeye usimcheleweshe.

Mama anakusalimu sana. Hajui ninachoandika, lakini ameniona na kalamu akaniambia, kama ni kwa mwanangu, mwandikie kwamba chumba chake nakifagia. Msalimie wifi. Wabusu watoto, usiwaambie ni kutoka kwa nani.

Ni mimi mdogo wako,
Bisibisi