Mbuta wa Ukutani kwa Mama Pamela

Fundi Okelo,

Tangu tukuzike kwenu kisiwani Mfangano mvua imenyesha misimu miwili, na mtaa wetu wa nyuma ya soko la Homa Bay haukukaa kukungoja. Jana nilizunguka duka kwa duka, ili nikuandikie nilichokiona kwa macho yangu.

Studio ya picha bado ipo. Ile ndege uliyoichora kwenye pazia imechanika bawa, lakini watu wanasimama mbele yake na mabegi matupu, wapigwe picha kama wasafiri. Saluni imepakwa rangi ya waridi. Vile vichwa vyako vitatu vya misuko vimefutwa. Kando ya fundi cherehani, mwalimu mstaafu amefungua chumba cha kuuza picha alizochora kwenye magunia, kwa ajili ya wageni wanaopita kwenda kisiwa cha Takawiri. Zote ni mitumbwi. Najua ungesifu fremu peke yake.

Kwa Mama Pamela nilikawia kuingia. Yule mbuta mzima, samaki mkubwa wa ziwa letu, kwenye ukuta wa hoteli yake ndiye kazi yako ya mwisho. Nilikushikia ngazi huku unakohoa na kuchora magamba moja moja, hutaki kuharakishwa.

Viwanda vya samaki vimekuja, Fundi. Minofu yote inachukuliwa ufuoni, sisi tunabakiziwa kichwa, mifupa na mkia. Vinakaangwa, vinaitwa mgongo wazi, na ndicho chakula Mama Pamela anachouza sasa. Ameniita mara tatu.

"Hii samaki yenu inanigombanisha na watu," alisema. "Mtu akiletewa sahani anaangalia ukuta, ananiuliza nyama iko wapi. Futa, chora mgongo wazi."

Mara ya tatu alisema nikikataa ataleta mchoraji kutoka Migori, apake ukuta mzima chokaa na kuanza upya. Nilikasirika. Si kwake, maana hana kosa. Nilikasirika kwamba hukuwepo kuamua, na hapo ndipo nilipokukosa kweli.

Basi nikafuata desturi yako. Hukuwahi kuchora chakula bila kukila kwanza. "Nyathina," uliniita mwanao, ingawa hukunizaa, "mkono hauwezi kuchora kitu mdomo haujaonja." Nikaagiza mgongo wazi na ugali. Nyama imejificha nyuma ya kichwa na katikati ya mifupa, lazima uitafute kwa vidole. Ilikuwa tamu kuliko nilivyotaka iwe.

Kisha nikachukua msasa. Nilikwangua tumbo la mbuta wako tu, magamba yako yakawa yananidondokea miguuni, na nikalia kidogo. Mahali pa nyama nikachora mifupa. Kichwa sikukigusa, wala mkia. Mama Pamela alitoka jikoni na mwiko, akatazama, akasema, "Sasa hiyo ndiyo yenyewe," akarudi kugeuza samaki wake. Wateja wanakula chini ya mikono miwili, wako na wangu, bila kujua.

Pumzika, Fundi. Siku minofu ikirudi kwenye sahani zetu nitapanda ngazi tena nimvike mbuta wako nyama, na mtu yeyote akija na chokaa kabla ya siku hiyo, atanikuta mlangoni.

Mwanafunzi wako,
Atieno