Karai la Hakimu

Alhamisi, tarehe 7
Mke wangu amekufa jana saa nne asubuhi. Tunazika kesho. Kuku nimewapa maji.

Jumanne, tarehe 12
Watu wameondoka. Viti vya kukodi vimerudishwa. Nyumba kimya.

Daftari hili lilikuwa la dawa zake. Saa ya kidonge, saa ya sindano. Kurasa zimebaki nyingi. Mwisho mwisho aliniandikisha habari ya mayai, iko hapo nyuma kwa mwandiko wangu mbaya: Jumamosi tarehe 2, mayai tisa, hesabu siku ishirini na moja.

Siku ile alikaa mlangoni, mgongo kwenye mito. Anachukua yai, analiangalia juani, analichora mstari kwa penseli yangu ya kazini ili kuku wengine wakitagia humo tusichanganye. Mimi napeleka bandani. Kuku wa kuatamia ni Hakimu. Jina alimpa yeye, maana kuku huyo anakaa tu anakutazama kama umeiba.

Kiota hakikuwepo. Akasema karai lako la zege limelala tu siku hizi, mpe Hakimu. Kweli lilikuwa limelala. Niliacha kazi nimwangalie yeye. Nikatia majani makavu, Hakimu akapanda.

Akasema vifaranga vikitoka mimi sipo, wewe hesabu vizuri. Sikubisha. Kaugua miaka miwili, hapendi kudanganywa. Sasa haumwi tena. Hilo ninalishukuru, sioni aibu kuliandika.

Siku ya ishirini na moja ni Jumamosi tarehe 23.

Leo mchana harufu ya moto. Nikadhani ni jirani.

Jumatano, tarehe 13
Si jirani. Msitu wa mlimani unawaka. Kanipa habari jirani yangu, yule tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Kasema upepo unakuja huku, wala moto hautazimika wiki hii.

Jua jekundu kama nyanya. Majivu kwenye ndoo ya maji. Kuku wanapiga chafya. Sikujua kuku anapiga chafya.

Mimi ni mtu wa zege na kuziba nyufa, miaka ishirini na sita. Nimechukua nailoni nzito, nimeigongomelea banda zima. Palipobaki tundu nimekandika udongo. Kuku saba ndani na jogoo ni mmoja wao, Hakimu kwenye karai lake. Hata sindano haipiti. Nimekaa nikaitazama. Kazi safi.

Alhamisi, tarehe 14
Mweupe amekufa.

Nimefungua banda asubuhi, hewa iliyotoka imenipiga machoni kama kitunguu. Mweupe chini, miguu juu. Wengine midomo wazi, mabawa wameyaachia. Hakimu naye mdomo wazi, lakini yuko juu ya mayai. Hakuinuka.

Nikampigia bwana mifugo. Kauliza nimefanyaje, nikamweleza mpaka udongo. Kasema, mzee, wewe umejenga tangi, hukujenga banda. Kinyesi cha kuku kikilowana kinatoa hewa kali, na kifua cha kuku ni chepesi. Moshi mbaya, kasema, lakini kumfungia mtu na choo chake ni mbaya zaidi. Toa nailoni. Zoa uchafu wote. Tundika magunia yaliyolowa upande wa upepo. Maji safi muda wote. Pumba ilowe kidogo isitimue vumbi. Na usiwakimbize, kuku akikimbia anavuta moshi mara mbili.

Nikauliza, ukizidi? Kasema ukizidi waingize ndani ya nyumba.

Mweupe nimemfukia nyuma ya choo. Redio kasema ningempa yeye. Kosa langu silipiki sufuriani.

Ijumaa, tarehe 15
Umezidi. Choo sikioni kutoka mlangoni. Magunia nimeyalowesha mara sita, yanakauka yamekuwa meusi. Kuku hawali.

Shemeji, mdogo wake marehemu, anakaa mtaa wa pili, anakuja kila asubuhi kuona kama nimekula. Nikamwambia nataka kuwaingiza kuku ndani.

Akasema, "Shemeji, umesahau neno la dada?"

Sijasahau. Kuku ndani ya nyumba yangu, labda nife. Miaka kumi na tisa kalisema. Hata kifaranga kikichungulia mlangoni, ufagio.

Nikasema, "Basi. Amekufa."

Akanitazama. Nikadhani nimeharibu. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nikacheka na mimi. Tangu tuzike sijacheka. Halafu akalia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akasema haya lete hao kuku, lakini sebuleni tandika maranda, na mimi sifagii.

Watano wamelala sebuleni nyuma ya ubao. Madirisha nimefunga, yale mawili ya upande wa upepo nimetundika shuka zilizolowa. Mlango wa nyuma nafungua kidogo moshi ukipungua. Sizibi tena kila kitu.

Hakimu tulingoja giza liingie, bwana mifugo kasema kuku wa kuatamia anahamishwa akiwa hajui anakwenda wapi. Nikamfunika shuka ya marehemu. Nikabeba karai na kuku na mayai.

Nimebeba makarai tangu nina miaka kumi na saba. Kichwani, begani, mpaka ghorofa ya nne. Sijawahi kubeba polepole hivi. Hatua kumi na nane. Nimeliweka chumbani, upande wake wa kitanda.

Jumamosi, tarehe 16
Hakimu kashuka. Asubuhi tu, kaingia uvunguni. Mayai yako wazi.

Shemeji akataka kumtoa kwa fimbo. Nikasema acha, hakimbizwi huyu. Nimelala kifudifudi sakafuni, namtazama, ananitazama. Shemeji mlangoni anauliza mmefikia wapi, kesi imeahirishwa?

Nimegusa yai. Linapoa.

Dakika arobaini na tano kwa saa ya ukutani. Akatoka mwenyewe, akala pumba, akanywa, akanya juu ya kandambili yangu, akapanda karai. Kama hakuna kilichotokea.

Sijui mayai yamevumilia au la. Sijui nimuulize nani.

Jumatatu, tarehe 18
Nimezoea. Naamka, nazoa kinyesi kabla harufu haijaanza, natandika maranda mapya, nabadilisha maji, nalowesha shuka. Jogoo anawika sebuleni saa kumi alfajiri. Nyumba yote inaruka. Zamani nilikuwa naamka saa hiyo kumpa kidonge. Sasa naamka kwa jogoo. Afadhali.

Jiko nimelipeleka mbali nyuma ya nyumba. Ndani hatuwashi kitu, hata dawa ya mbu.

Redio kawasha majani uani kwake. Na moshi huu! Nikamwambia, wewe msitu mzima haukutoshi? Kasema moshi wake ni mdogo. Nikauzima kwa ndoo. Hakunisemesha mpaka saa nane mchana. Mtaa mzima ulipumzika.

Shemeji sasa anafagia. Kasema asimwone mtu akimwambia kitu.

Jumatano, tarehe 20
Siku ya kumi na nane. Nimechungulia mayai kwa tochi kama marehemu alivyokuwa akifanya. Hakimu kanidonoa mara nne, damu imetoka.

Mawili matupu, taa imepita kama kwenye chupa. Nimeyatoa. Saba yamejaa giza. Lakini giza halichezi. Nimeshika moja muda mrefu, sikuona kitu. Labda mzima. Labda hewa ya lile tangi langu ilimmaliza, au zile dakika arobaini na tano.

Mstari wake wa penseli bado upo. Kwenye yai moja kachora na nusu nyingine, alichoka akaachia.

Shemeji kasema yakioza usijilaumu, ni mayai tu. Nikalirudisha yai chini ya Hakimu. Akasema, hapana, si mayai tu, nimekosea.

Ijumaa, tarehe 22
Upepo umegeuka. Nimeona choo. Nimeuona na mlima, nusu mweusi.

Bwana mifugo kapita na pikipiki. Kaingia sebuleni, kaona kuku wamekaa wanne chini na jogoo kwenye mgongo wa kiti, kasema karibuni wageni. Kawaangalia macho na pua, kasema wamepona hawa. Watano warudi bandani kesho kama hewa iko hivi, lakini wakae humo humo wasirandarande, kifua kinataka wiki mbili kupona hata kama kuku anaonekana mzima. Banda nililisafisha na kulifungua juu upande mmoja, kalikagua, kasema sasa ni banda.

Mayai je? Kasema ngoja.

Jumamosi, tarehe 23
Siku ya ishirini na moja. Watano wamerudi bandani. Sebule ni kubwa ghafla.

Yai hata moja halijapasuka. Nimeweka sikio karibu. Kimya. Hakimu ananitazama kama mimi ndiye nimeiba.

Nimekula. Nimelala mchana. Nimeamka nikaangalia. Bado.

Jumapili, tarehe 24
Msimamizi wa kazini kapiga simu asubuhi. Hewa imesafika, kesho saa moja tunamwaga zege la ghorofa ya pili, usipokuja naweka mtu. Nikasema nakuja. Kasema kila mmoja aje na karai lake, ya pale yameibwa yote.

Nikasema langu lina kuku.

Kasema nini? Nikarudia. Kasema si umtoe. Nikasema huyu hatolewi. Kasema basi utabeba tofali kwa mikono kama kibarua mpya, na umri wako huo. Nikasema sawa. Halafu kanipa pole ya msiba. Nadhani anafikiri nimechanganyikiwa.

Saa tisa mchana Hakimu kaanza kuguna chini chini, sauti sijawahi kuisikia kwake. Anaongea na mtu. Nikaingiza mkono, hakunidonoa. Lile yai la mstari na nusu lina ufa, mdogo kama kucha. Nikaliweka sikioni. Linagonga. Halafu sauti nyembamba, kama mlango usiotiwa mafuta.

Nikamwita shemeji. Kasikiliza, kanirudishia, kashika mdomo. Kasema usilisaidie, dada alikuwa hasaidii, anayetoka anatoka mwenyewe. Nikalirudisha.

Mengine sita kimya. Nimesikiliza yote mara mbili.

Shemeji kaenda kwake kachukua mkeka na sweta. Kasema kesho atakaa hapa tangu alfajiri mpaka nirudi, nisiwe na wasiwasi, na nikila mchana nile, nisishinde njaa kama mjinga. Sasa amekaa chini anamtazama Hakimu. Hakimu anamtazama yeye.

Hewa nzuri. Nimefungua madirisha yote. Shuka ya marehemu nimeifua, iko kwenye kamba.

Kesho narudi kazini. Karai linabaki.