Maneno Yanayoamka na Nguo Zile Zile

Kebirigo,
Nyamira.
14 Septemba 2025

Mpendwa Mama Nyaboke,

Mbuya mono, salamu nyingi, mkaza mwana wangu. Habari za huko Minnesota? Baridi imeanza kuuma au bado? Na mgongo wa mwanangu Duke, unaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Baba yenu Abner anakohoa kidogo asubuhi, lakini ugali anaumaliza, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Mvua inanyesha kila alasiri na majani chai yanachipuka vizuri.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kigusii chetu bado hakijakuingia, na hicho Kitaita chako mimi huishia kwenye salamu. Barua ataileta Tryphosa, binti wa jirani yetu, anayerudi huko kazini. Sikutaka kutuma sauti kwa simu. Jambo lenyewe nataka ulisome ukiwa umekaa.

Duke ameniambia Nyaboke amekataa kuja Desemba. Eti analia, anasema nyanya anataka kupigana naye. Mama, siku hiyo hata chai niliiacha ikapoa. Mjukuu aliyebeba jina la mama yangu mzazi, ananiogopa mimi! Acha nikueleze ilivyokuwa.

Unajua Kiingereza sikukisoma. Kila tukipigiana simu Nyaboke husema "hello", nami nasema "hello", kisha tunasikilizana tukipumua mpaka Duke achukue simu. Hilo liliniuma sana. Basi niliposikia mwalimu Roselyne anafundisha wazee Kiingereza kwenye jengo la kanisa kila Jumapili, nilikuwa wa kwanza kukalia benchi la mbele.

Ee mama, niliyoyaona huko! Mwalimu aliandika "water" ubaoni, akasema ni maji. Halafu akasema ndilo hilo hilo la kumwagilia mboga. Nilidhani amechoka. Akaandika "hand", mkono, na ndilo hilo hilo la kumpa mtu kitu. "Milk" ni maziwa, na ndiyo kukamua. Hata mvua ni "rain", na kunyesha kwake pia ni "rain". Neno letu likitaka kwenda kazini ni lazima livue hili na kuvaa lile. La hawa wenzetu linalala na nguo zake, linaamka nazo, linaingia shambani. Nilishangaa nikasahau kufunga mdomo.

Kesho yake nikimkamua ng'ombe nilikuwa nikisema "milk, milk" kila nikivuta chuchu. Nikaingiwa na hofu fulani tamu, nikiona maziwa na kazi yangu vimekuwa kitu kimoja ndani ya ndoo. Abner akapita akauliza, "Mama Duke, sasa unaombea ng'ombe?"

Ujuzi huo mdogo ndio ulionipa kichwa kikubwa. Nilijiambia, kama jina la kitu linatosha kufanya kazi, nangoja nini? Nitamtania mjukuu wangu leo leo.

Nawe umeolewa huku, umeona mambo yetu. Mzazi na mtoto wake huheshimiana mpaka wanakwepana macho. Utani ni kazi ya babu na nyanya. Babu humwita mjukuu wa kike mke wake, basi nyanya naye humwita mke mwenza, anamtishia kwamba akija watagombania huyo mwanamume. Mtoto hucheka, anajibu kwa maneno makali zaidi, na hapo ndipo anajua amefika kwao. Nimengoja kumwambia Nyaboke maneno hayo tangu azaliwe. Neno la mke mwenza nilimuuliza mwalimu, akanipa huku akicheka. Simu ilipoita nikapaza sauti: "You co-wife! You come, I fight you!"

Nikangoja anitukane. Kisha nikasikia kilio. Abner akanitazama. "Umetisha mtoto wa watu," akasema. "Huko hawana wake wenza. Huko wana polisi."

Jumapili iliyopita mwalimu alituandikia "mother". Mama. Na pia kulea. Nilikufikiria wewe, unavyoamka huko kabla ya wengine na hakuna wa kukupokea mtoto, nikaona kumbe jina lako lenyewe ndiyo kazi unayoifanya kutwa. Nikainua mkono nikauliza, na "grandmother" je, nayo inaamka?

Roselyne alifikiri sana. "Hiyo sijawahi kusikia, mama," akasema. "Nafikiri hiyo inakaa tu."

Niliumia, sikufichi. Nilipanda mlima kurudi nyumbani nikilibeba neno hilo. Lakini nilipofika langoni nilikuwa nimeshakataa. Haikai! Kama Waingereza hawajaiamsha, nitaiamsha mimi.

Kwa hiyo nakuomba, kaa na mtoto umweleze utani wetu. Mwambie sina vita naye hata kidogo. Mwambie mke mwenza wangu kwamba nimeshindwa, mwanamume nimemwachia. Ila ajue anachokichukua: anakoroma, na mahindi ya kuchoma ni lazima apukuchuliwe. Akicheka, fungeni mizigo. Asipocheka, mama, nakusihi mlete hivyo hivyo. Utani huu hautoshi kwenye simu, unataka mtoto akuone uso.

Shemeji yako Osoro wa Mosocho anawasalimu, na mkewe Cynthia anasema unga wa wimbi aliompa Tryphosa akuletee usiuchanganye na mwingine. Msalimie Duke, mwambie apumzishe mgongo. Nyasae abasesenie, Mungu awabariki na kuwafikisha huku salama.

Ni mimi mama mkwe wako akupendaye,
Persis,
nyanya anayetaka kuanza kazi Desemba.