Mama Bahati, Deni Imeisha na Si Mimi Peke Yangu Niliilipa

Mama Bahati, mukeba wangu, muke mwenzangu,

Sikuulizi habari ya huko kambini Uganda, kwa sababu najua utajibu "tuko sawa, yaya," kama mudogo kwa dada yake mukubwa, hata kama mvua inakuingilia ndani ya hema. Wewe ni hivyo. Hujawahi kulalamika mbele yangu hata siku moja, na hiyo ni moja ya vitu vinavyonichoma.

Barua hii nimeiandika kwa mukono wangu mwenyewe, na masomo yangu ya troisième primaire, darasa la tatu, na mutu asinicheke. Ningeweza kukupigia simu. Lakini uwongo niliusema mbele ya watu, basi ukweli nao nataka usikike mbele ya watu. Nitaipa katibu wa shirika letu la kanisa hapa Katoyi aisome siku ya Mungu, Jumapili, na ingine kama hii nitakutumia wewe kwa mutu wa basi. Katibu, ukifika mahali pa haya, usiruke. Soma yote.

Uwongo wenyewe ni huu. Mwezi uliopita nilisimama mu shirika kutoa shukrani. Nilikuwa nimeinua karatasi ya parseli, kiwanja chetu, juu, wote waione. Nikasema: "Deni ya marehemu bwana wangu imeisha. Mimi mujane, peke yangu, na mikono hii miwili, nimeokoa parseli yetu." Watu wakapiga makofi. Mama mumoja akapiga vigelegele. Jina lako sikulitaja.

Sasa nianze mbali, watu waelewe.

Ulikuja kwetu kutoka milima ya Masisi na kitenge kimoja na mimba ya miezi mitano. Mimi nilikuwa nimetoka Butembo zamani, niko na watoto wanne na pete ya kanisa kwenye kidole. Muzee wetu, bwana wetu, alisema mbele yangu bila haya: "Huyu ni mudogo wako, mufundishe kazi." Padiri akamukatalia komunyo. Mimi nikamukatalia maji ya moto ya kuoga, mwezi muzima, na hiyo ilimuuma zaidi.

Unakumbuka vile alivyotugawanyia rasio, ile pesa ya chakula? Wiki yangu, wiki yako. Pesa ileile, midomo ileile. Wiki yangu, siku ya tano tulikuwa tunakula mboga ya lenga-lenga na chumvi, na watoto wananiangalia. Wiki yako, siku ya saba harufu ya samaki, sambaza, ilikuwa inafika kwa jirani. Nikasema, hapana, huyu anaongezewa pesa kwa siri. Siku ulipoenda kuchota maji niliingia kwako, nikapekua hata ndani ya godoro. Nilikuta mavi ya panya tu. Leo ndiyo unajua.

Kisha siku moja nilikukamata. Ulikuwa umepima maharagi kwenye kopo, na mbele ya kuyamimina kwenye sufuria ulichota kiganja kimoja, ukakirudisha kwenye ndoo yenye kifuniko. Nilipiga kelele mutaa muzima usikie:

"Mwizi! Unaiba chakula ya watoto!"

Ulitabasamu tu. "Hapana, yaya. Sufuria haitaona, na watoto hawataona. Mwisho wa mwezi ndiyo sisi tutaona."

Mwisho wa mwezi ndoo ilikuwa imejaa. Ukauza nusu, ukalipa minerval, pesa ya masomo, ya mutoto wangu wa tatu. Wangu! Si wako. Mwalimu akamupokea darasani, na mutoto akakuita wewe mama mudogo kwa furaha, na mimi nikaenda kulia nyuma ya choo. Wanawake wenzangu wanafikiri mukeba anaonewa wivu kwa sababu ya kitanda. Bwana nilikuachia, alikuwa anakoroma. Mimi nilikuonea wivu kiganja.

Halafu muzee akaleta deni. Alikwenda Birere kwa yule mukopeshaji tunayemuita Papa Miwani, kwa sababu anaangalia watu juu ya miwani kama mwalimu anayehesabu makosa. Akachukua dola, akaacha karatasi ya parseli kwake kama dhamana, akapanda kununua maharagi Kalengera, apakie gari, auze Goma bei ya juu. Sisi wawili tulimuambia barabara ile inanuka baruti. Mara moja katika maisha yetu tulikuwa na sauti moja, na hakutusikiliza. Vita ilifunga njia, gari ikachukuliwa na watu wa bunduki, maharagi yakaliwa na watu ambao hatuwajui. Muzee alirudi kwa muguu, viatu mukononi. Hakumaliza masika ile. Alituachia watoto, kitanda kinachoyumba, na Papa Miwani.

Siku ya kumaliza matanga, mimi nilikuwa nalia. Wewe ulikuwa unapasua kitenge cha zamani vipande vine. Kipande cha makala ya kupikia, cha chakula, cha masomo, cha deni. Kila pesa iliyoingia ulikuwa unaifunga fundo kwenye kitambaa chake, na ya deni ulikuwa unaifunga kwanza.

Nikakuuliza: "Tunamulisha yule mwenye miwani mbele ya watoto wetu?"

Ukasema: "Deni ni mugeni, yaya. Umulishe kwanza, aondoke."

Neno hilo lilitembea Katoyi nzima. Wamama walikuwa wanalirudia kwenye bomba la maji, "kama vile Mama Bahati anavyosema." Hakuna mutu aliyewahi kurudia neno langu kwenye bomba. Na mimi ndiye mukubwa.

Kisha vita ikashuka hadi mujini. Unakumbuka asubuhi ile, mabati yanatetemeka, watu wanakimbia na magodoro kichwani? Ulisema twende wote. Nikasema sitoki, nikitoka Papa Miwani ataiuza parseli na mifupa ya muzee juu yake. Ulifunga watoto wako watatu, ukaniachia ndoo yako ya maharagi na vile vitambaa vine. Ulinishika mukono ukasema, "Yaya, usijikaze sana." Nilikujibu nini? Nilisema, "Toka, unazuia mulango." Ndiyo kwaheri niliyokupa. Dola mia tano zilikuwa zimebaki kwenye deni, na mimi, watoto wangu wakubwa wamekwisha kuondoka, nilikuwa na wajukuu wawili mugongoni, Aline na mudogo wake.

Miezi miwili baadaye simu ikalia. Umetuma pesa. Wewe, mukimbizi, unauza nyanya kwenye kitambaa chini, umetuma! Mara ya kwanza, mimi mujinga, nilimupelekea Papa Miwani na nikamuambia imetoka kwako. Akashusha miwani.

"Mukeba wako ni mutu wa neno, mama. Mutu yuko ukimbizini na anatuma! Uko na bahati."

Tangu siku ile, kila mwezi nikifika, hata kabla ya kusalimia, anauliza: "Yule wa Uganda ametuma?" Mimi ninayekaa hapa chini ya mabomu nikiuza avoka kando ya barabara, hakuniuliza kama nimekula. Yule wa Uganda, yule wa Uganda. Nikasema moyoni: haya, yule wa Uganda hatalipa tena hata franga moja. Hii deni nitaimaliza mimi.

Basi pesa yako, miezi sita yote, nilikuwa naitoa kwenye simu, naibadilisha dola, naiweka kwenye kopo la maziwa, nazika kopo chini ya mawe ya volkano mahali kuku wanalala. Sikuila, Mungu ni shahidi. Sikuilipa pia. Nilitaka siku ya mwisho nikurudishie yote, nikuambie: chukua, hatukuihitaji.

Na ile ya kulipa nilitoa wapi? Hapa ndipo pa haya, katibu. Nilikuiga. Nilianza kurudisha kiganja cha maharagi kama wewe, lakini kwa hasira. Wewe ulikuwa unatoa kimoja. Mimi nikatoa viwili, kisha vitatu. Nikakata makala, tukapika mara moja kwa siku. Fundo la deni likanenepa kuliko lako la zamani, na nilikuwa nalipapasa na kucheka peke yangu.

Mwalimu akatuma niitwe. Aline ameanguka darasani.

"Mama, mutoto alikula nini leo?"

"Alikula jana."

Yule mwalimu mudogo kwa umri kama mutoto wangu aliniangalia, na mimi nikaangalia ukuta. Alimunywesha mutoto chai yake mwenyewe.

Ikafika mwisho. Kulikuwa kumebaki dola mia na ishirini, na Papa Miwani alikuwa amesema ni mwezi huu ama parseli. Siku tatu mbele ya mwezi kuisha, mutu mumoja alikuja na kamba kupima uwanja wetu kutoka kona hadi kona, bila kunisalimia, kama vile mimi ni jiwe. Fundo langu lilikuwa na thelathini tu. Zingine zilikuwa zimekwenda kwa dawa ya Aline. Nikasema basi, kiburi kimekufa, nifukue kopo. Ndani kulikuwa na mia moja kamili ya kwako.

Mama Bahati, maji yalikuwa yameingia. Noti zilikuwa zimeshikana kama majani ya sombe yaliyopikwa. Nilizitenganisha na ncha ya kisu, nikazianika, moja ikapasuka, zingine zikabaki na doa. Na wewe unajua Goma yetu: watu wanakula kila kitu, lakini noti ya dola yenye jeraha hakuna anayeipokea. Papa Miwani aliinua moja moja kwenye mwanga.

"Hii haipite, mama. Hii pia haipite."

Nikaenda kwa wale wanaobadilisha pesa pale Birere. Kijana mumoja akanusa noti akawaita wenzake: "Mukuje kuona! Mama, hii uliizika ama uliipika?" Walicheka mpaka wakashika magoti. Halafu wakakata nusu. Mia yako ikawa makumi tano. Na thelathini zangu, makumi nane. Makumi ine zilikosekana, na kamba ya yule mutu ingali kwenye kona.

Nilikaa juu ya ngazi ya duka, nikakupigia. Umri wangu wote sijawahi kubeba simu nzito vile.

"Yaya? Kuna nini?"

"Pesa yako imeoza."

"Pesa gani?"

"Yote. Ya miezi sita. Niliizika."

Nilisikia kuku wa huko wanalia.

"Sasa deni ulikuwa unalipa na nini, yaya?"

"Na tumbo ya Aline."

Nilingoja unitukane. Nilikuwa nimetayarisha hata matusi ya kukurudishia, makali, ya Kinande. Ukasema tu, "Ngoja jioni." Na jioni makumi ine ziliingia. Bahati, mutoto wako, ndiye aliniambia baadaye: uliuza unga wote wa mwezi na kitenge cha kanisa, na wiki mbili mulikunywa uji wa jirani.

Nililipa. Papa Miwani akatoa karatasi ya parseli kwenye sanduku, akaipuliza vumbi, akasema, "Musalimie yule wa Uganda." Na mimi, siku tatu baadaye, nikaenda kusimama mu shirika na kusema mikono hii miwili.

Sasa mumesikia.

Usifikiri nimekuwa mutakatifu. Wivu iko palepale. Ukiniuliza leo, ningependa wewe ndiye uoze pesa na mimi ndiye niuze unga. Ningependa Papa Miwani aseme "yule wa Katoyi." Usiku naomba Mungu aniondolee, asubuhi naamka nayo imeshatangulia kuamka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hukunitukana. Mutu akikutukana, munakuwa sawa. Umeniacha na deni ingine, na hii haina mwenye miwani wa kuja kuipokea.

Lakini kazi nimefanya. Nimekwenda kwa mukubwa wa quartier, mutaa wetu, na ile karatasi, nikamuambia aandike majina mawili, lako na langu. Akauliza lipi litangulie. Nikamuambia usinichokoze, mimi ni mukubwa. La kwanza ni langu. La pili ni lako, na nimehakikisha herufi ni kubwa sawa.

Aline anakula mara mbili, na maharagi yakiwa mengi mara tatu. Usitume tena pesa, deni imeisha. Funga fundo la minerval ya watoto wako huko. Sikuambii rudi leo, vita bado inatembea na haijachoka. Upande wako wa nyumba, ule wa barabara, watu wawili walikuja kuupangisha na pesa mukononi. Niliwafukuza. Niliwaambia una mwenyewe.

Siku ya Mungu katibu atakapomaliza kusoma, najua watakupigia makofi. Mimi nitakuwa nimekaa benchi ya mbele, kila mutu anione vizuri. Na mimi nitapiga. Lakini si kwa nguvu.

Wako mukeba mukubwa, kwa kupenda na kwa kutopenda,

Mama Kahindo
Katoyi, Goma