Pointi Walizotukata

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila baba magoti yanamsumbua, na mama analalamika eti umeusahau mlango wa kwenu. Mimi bado nawachua misuli wachezaji wa timu yetu, mikono inanuka dawa mpaka naona haya kusalimiana na watu.

Nina la kukuomba. Tumeshtakiwa kwenye bodi yenu ya ligi kwamba tunatumia fedha nyingi kuliko tunazoingiza. Ni kweli. Mwenye timu, yule muuza mbao, alitoa mfukoni mwake tukaezeka jukwaa na kumlipa Tingatinga, mshambuliaji wetu. Lakini mbona ile timu kubwa iliuza hoteli yake kwa kampuni ya tajiri wake yuleyule, ikaandika kuwa ni mapato, na mkanyamaza? Wewe ni wakili hapo. Sikuombi upendeleo. Niambie tu tuzungumze na nani.

Dada yako

22 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpe baba pole ya magoti. Mimi mzima, kazi tu zimenibana.

Mambo hayo yako idara nyingine, sijui lolote. Ila usiichukie sheria yenyewe. Unakumbuka baba alivyocheza msimu mzima bila mshahara, tajiri wao alipoichoka timu akaondoka zake? Iliwekwa ili yale yasijirudie. Msiwe na wasiwasi, atakayelishika faili lenu atatenda haki.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Huku afya tunayo, furaha ndiyo hatuna.

Tumekatwa pointi tisa, tumeshuka daraja. Tingatinga ameuzwa. Mimi na mpishi tumeambiwa tukae nyumbani. Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Redio ilimtaja wakili wa bodi aliyetusomea mashtaka. Jina lako, na la baba nyuma yake. Jirani yetu fundi cherehani alikuwepo, akaanza kuvitazama viatu vyake. Baba akasema, "Majina yanafanana tu. Mwanangu angetuambia." Akaongeza sauti ya redio, kama vile hakuna kitu.

Nimemwacha aamini hivyo. Sasa niambie mimi.

Dada yako

30 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Sithubutu kuuliza hali zenu.

Ni mimi. Uliponiandikia, faili lenu lilikuwa tayari mezani kwangu. Niliulizwa kama nina ndugu kwenye timu ile, nikasema sina. Nilikukana, dada, kwa neno moja, kwa sababu nilitaka cheo. Faili la timu kubwa nililisoma pia. Hoteli ile ni kiini macho. Bosi wangu alicheka: "Hao wana mawakili wengi kuliko sisi. Tuanze na tunaowaweza." Nikaanza na ninyi.

Cheo nilikipata. Wenzangu waliponipigia makofi nilijifanya nakohoa ili nipate sababu ya kuinamisha uso.

Leo nimewaandikia bodi kwamba niliwadanganya. Nimechelewa, najua.

Mdogo wako

18 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Simu hupokei, basi nakuandikia.

Kesi imesikilizwa upya, na wakili mwingine. Pointi ni zilezile. Sheria tuliivunja, hilo hatukatai. Timu kubwa nayo imetozwa faini, tajiri wao ameilipa huku anapiga miayo. Na wewe nasikia wamekufukuza kazi.

Nikwambie ukweli, maana wewe umeniambia wako. Habari hiyo iliponifikia, nilifurahi. Nilipika huku naimba. Baba akauliza naimbia nini, aibu ikanishika mpaka masikioni. Ndugu yangu hana kazi, na mimi naimba! Nikazima jiko, nikamweleza yote tangu mwanzo. Hakugomba. Aliomba kalamu akuandikie mwenyewe, akakaa nayo muda mrefu karatasi ikiwa tupu, kisha akanirudishia. "Mwambie aje," akasema.

Basi njoo. Usinunue zawadi, usitafute maneno ya kujitetea. Bado nina hasira nawe, na nitakugombeza mezani, ana kwa ana. Kwa barua nimechoka.

Dada yako