Utepe wa Mguu wa Kulia

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba shemeji mgongo umemwachia. Sisi huku tunapumua, ila mimi moyo hauna raha, na maneno haya si ya kusemwa kwenye simu.

Umesikia mwanao hakukimbia mbio za mchujo, na watu wanadai kocha alimfanyia hila. Usimlaumu kocha. Kaa kitako nikueleze.

Kazi yangu hapa uwanjani unaijua, kuwafunga wanariadha utepe kwenye viungo. Asubuhi ile mwanao, Kiberiti wetu, aliingia chumbani kwangu, akapanda mezani, akataka nimfunge vifundo vya miguu yote miwili, eti apendeze pande zote. Nilipofunga wa kushoto alikitania kipara changu kama kawaida yake. Nilipoushika wa kulia akanyamaza. Kiberiti kunyamaza, dada, ni ugonjwa tosha. Ngozi ilikuwa na alama za gundi. Kumbe alikuwa akijifunga mwenyewe kwa siri, tena miguu yote, ili usijulikane unaouma ni upi. Nikambonyeza muundi, juu kidogo ya kifundo. Hakulia, ila aling'ang'ania ukingo wa meza. Nikajua mfupa umeingia ufa.

Nikamwambia utepe hushikilia tu, hauponyi. Akanisihi kwa jina lako.

“Mjomba, nifunge leo tu. Nikimaliza, na uvunjike.”

Ningefanyaje? Kocha ana msimamo wake: anayeficha maumivu hamrudishi tena kikosini. Nikisema, mtoto kwisha. Nikikataa, atajifunga mwenyewe na kukimbia. Nikachukua utepe.

Walipokuwa wakipasha misuli alikimbia hatua chache, akasimama, akajaribu tena, akashindwa. Kocha alimwona anachechemea, akamtoa kwa upole, akiamini ameumia palepale. Hospitalini picha ilionyesha ufa, na daktari akasema mbio zile zingeukata mfupa. Sasa yuko kwenye plasta ngumu, na nafasi yake ya msimu ujao inamngoja.

Lakini mguu ule haukushindwa wenyewe, dada. Mkimbiaji hufungwa kifundo kikiachiwa nafasi ya kukunjika. Mimi nilimfunga kama anavyofungwa mtu wa kubebwa kwenye machela, kifundo kikakazika kabisa. Nilimfunga asikimbie. Kisha nikamtazama usoni nikamtakia heri.

Jana alimwambia nesi, nami nimesimama pale, kwamba mguu wake umemsaliti lakini utepe wa mjomba haukulegea. Akaniomba akipona nimfunge mimi, asiguswe na mwingine. Nikamkubalia, nikatoka nje nikalia.

Ningerudi asubuhi ile ningefanya vilevile, hilo sikufichi. Ila siwezi kuugusa tena mguu ule kabla hajajua. Njoo, dada, ukae katikati yetu nikimwambia. Akinifukuza, nitakwenda. Wewe baki naye.

Msalimie shemeji, na wadogo zake Kiberiti uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Kipara