Waya ya Kanisa la Kalamba

Mwende dadangu,

Huko nyumbani Kabati mnaendeleaje? Mimi niko Kalamba, tunaweka waya mpya za stima kanisani. Ndiyo, digrii ya kompyuta imelala kwa sanduku, nimerudi darasani kusomea uhandisi wa umeme, na hapa niko kwa mafunzo ya kazi. Mama bado anaringia watu na mtoto wake wa kompyuta, kwa hivyo funga mdomo.

Jana nilipanda ngazi nikijua nimezima stima. Kumbe nilizima ya jikoni tu. Kwaya ya akina mama ilikuwa hapo chini ikifanya mazoezi. Kugusa waya, ikanirusha mkono, nikapiga kelele, "Yesu!" Wakajibu wote pamoja, "Amina!" na wakaendelea kuimba. Bosi wangu, Injinia Kioko, hakunihurumia hata kidogo. "Mtu wa kompyuta, ulidhani waya itakuuliza kwanza kama una uhakika?"

Lakini jioni taa zote ziliwaka, na wale akina mama wakanipigia vigelegele mpaka nikaona haya. Miaka minne ya kompyuta, hakuna mtu aliwahi kunipigia hata makofi.

Nisalimie kila mtu, hata ile mbuzi yako korofi.

Kakako, Muthui

Mama, hii kadi haina bahasha, na najua wewe ndiwe huchukua barua pale dukani, kwa hivyo utaisoma kabla ya Mwende. Kwa simu nilishindwa kukuambia. Usikasirike. Ile taa ya kanisani kwenu inayozimika kila pasta akianza kuomba, nitakuja kuitengeneza mwenyewe. Ukinisikia nikiita Yesu, wewe itikia tu Amina.